Mpeni Muuguzi Elimu, Mpeni na Mamlaka

Leo twataka kusema na wasomaji wetu, hasa wafanyakazi wa viwandani, bandarini, relini na maofisini, juu ya jambo lisilo na shangwe wala mapambo, nalo ni maumivu ya kifua. Tena twataka kusema juu ya mtu anayekutana na maumivu hayo hospitalini kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtu huyo si daktari bingwa. Ni muuguzi aliyeketi mapokezi na daftari lake.

Neno letu ni moja. Uhai wa mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo mara nyingi huamuliwa na yale anayoyajua muuguzi, na yale anayoruhusiwa kuyatenda, katika dakika 10 za kwanza. Kwa hiyo imetupasa kudai mambo mawili pamoja, wala si moja: muuguzi apewe elimu ya ugonjwa huo, na pamoja na elimu apewe mamlaka ya kuitumia. Elimu bila mamlaka ni taa iliyofunikwa na pishi. Mamlaka bila elimu ni panga mkononi mwa mtoto.

Hatusemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Katika mtambo wetu wa kuchapa alikuwako fundi mmoja, mzee wetu wa makamo, aliyefanya kazi nasi miaka mingi na kuwafundisha vijana wengi. Usiku mmoja wa Alhamisi, gazeti likiwa mtamboni, alishuka ngazi taratibu akaketi juu ya bunda la karatasi, ameweka ngumi katikati ya kifua chake. Vijana wakamwuliza, “Mzee, vipi?” Akasema, “Gesi tu, wanangu. Itapita.” Wakamletea maji ya tangawizi. Mwandishi wa maneno haya alikuwapo, naye pia alisema ni gesi. Hatujisamehe kwa neno lile.

Asubuhi yake akaenda hospitali. Mapokezini akasema, “Chembe cha moyo kinanibana.” Muuguzi akaandika: maumivu ya tumbo. Mzee akaketi kwenye benchi kungoja zamu yake, akangoja saa mbili na zaidi, kisha akaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo akarudi nyumbani. Jioni akazidiwa, akapelekwa hospitali nyingine. Huko akapimwa umeme wa moyo, na daktari akawaambia wanawe kwamba sehemu kubwa ya nyama ya moyo imekwisha kufa. Kabla ya alfajiri ya Jumamosi na yeye mwenyewe alikuwa amefariki.

Baada ya matanga tulimwendea muuguzi yule, si kumshtaki, bali kumsikiliza. Alituambia maneno ambayo hatujayasahau. “Ndugu mhariri, nilimwona. Feni ilikuwa ikipuliza, naye alikuwa akitoka jasho mpaka shati limelowa. Nikajua kuna jambo. Lakini alisema chembe cha moyo, nikaandika tumbo, kama tulivyozoea. Mashine ya kupima umeme wa moyo imefungiwa kabatini, na ufunguo anao mtu mwingine. Tena mimi sina ruhusa ya kumpima mtu kabla daktari hajaandika. Ningemwambia nani, na mbele yangu wako watu 60?”

Hatulitaji jina lake, wala la hospitali yake, kwa kuwa kosa hilo si la mtu mmoja. Ni kosa la desturi. Muuguzi yule aliuona ukweli kwa macho yake, na desturi ikamwamuru akae kimya.

Yafaa sasa tuueleze ugonjwa wenyewe, maana hatuwezi kudai tusilolifahamu. Moyo wa mwanadamu ni pampu ya nyama, nao, ingawa umejaa damu ndani yake, haulishwi na damu hiyo ipitayo katika vyumba vyake. Hulishwa na mishipa yake maalumu, iliyouzunguka kwa nje kama mizizi inavyozunguka jiwe. Kwa miaka mingi mafuta na uchafu mwingine huweza kujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo, kama kutu inavyojijenga ndani ya bomba la maji. Mtu akitembea polepole damu inayopita yatosha. Akipanda ngazi au akibeba mzigo, moyo hudai zaidi na haupati, ndipo kifua hubana. Akipumzika, maumivu huondoka. Daktari William Heberden aliyaeleza maumivu ya namna hii mbele ya madaktari wenzake London katika mwaka 1768, akasema huwapata watu wakitembea, hasa wakipanda mlima na baada ya kula, na hukoma wasimamapo.

Hilo ndilo onyo la kwanza. Balaa huja pale utando wa uchafu ule unapopasuka. Damu hudhani pana jeraha, ikaganda juu yake, na mshipa ukazibika kabisa. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hubaki bila hewa ya damu, na baada ya kama nusu saa huanza kufa, kidogo kidogo, saa baada ya saa. Huu ndio mshtuko wa moyo. Mwaka 1912 daktari James Herrick wa Chicago aliwaonyesha wenzake kwamba mtu aliyezibikiwa na mshipa wa moyo si lazima afe papo hapo. Kumbe kuna muda kati ya kuziba na kufa. Na penye muda pana kazi ya kufanywa.

Kazi hiyo siku hizi yajulikana. Mgonjwa apimwe umeme wa moyo kabla dakika 10 hazijapita tangu alipofika. Apewe aspirini aitafune, ikiwa hakuna sababu ya kumkataza. Aangaliwe mapigo yake na shinikizo la damu. Kisha mshipa uliozibika ufunguliwe, ama kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ama kwa mrija mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka moyoni. Njia hiyo ya mrija ilitumiwa mara ya kwanza juu ya mishipa ya moyo na daktari Andreas Gruentzig huko Zurich mwaka 1977. Hapa kwetu hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ni jambo la fahari. Lakini kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na nyama ya moyo haingoji gari. Ile dawa ya kuyeyusha damu hufaa zaidi katika saa chache za kwanza, na baada ya saa 12 faida yake hupungua sana. Basi mgonjwa wa Kigoma, wa Songea au wa Musoma, tumaini lake la kwanza halimo katika taasisi kubwa. Limo kwa muuguzi wa hospitali iliyo karibu naye.

Hata aspirini peke yake si kitu kidogo. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa juu ya wagonjwa zaidi ya 17,000 katika nchi mbalimbali, ikaonekana kwamba waliopewa aspirini mapema walipungukiwa na vifo kwa kiasi cha robo kasoro kidogo. Bei ya kidonge kile haifiki nauli ya daladala. Lakini kidonge hakijiamulii chenyewe kutoka kabatini. Lazima awepo mtu atakayemtazama mgonjwa na kusema: huyu si wa tumbo, huyu ni wa moyo.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Kutambua si jambo jepesi, na kwetu sisi wasemao Kiswahili lina ugumu wake wa pekee. Mgonjwa wetu hasemi “nina ugonjwa wa mishipa ya moyo.” Husema “nina kifua,” na muuguzi akadhani ni kikohozi. Husema “nina kichomi,” naye akadhani ni homa ya mapafu. Husema “nina kiungulia,” akapelekwa kwenye dawa za tumbo. Husema “chembe cha moyo,” na ijapokuwa neno moyo limo ndani yake, sote twajua kwamba kwa maneno hayo watu huonyesha mahali pale chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo. Nako ndiko maumivu ya moyo hupenda kujificha. Mwingine husema tu, “Nimechoka, mwanangu, mwili hauna nguvu.” Lugha yetu ni tajiri, lakini utajiri huo humpoteza asiyefundishwa kuuliza swali la pili.

Swali la pili ndilo uuguzi wenyewe. Muuguzi aliyefundishwa vema hatosheki na jina la kwanza alilopewa. Huuliza: Mzee, maumivu yalianza lini, na ulikuwa ukifanya nini? Nionyeshe kwa mkono wako yalipo. Je, yanachoma kama sindano, au yanakandamiza kama mtu aliyekukalia kifuani? Yanakwenda wapi: mkononi, begani, shingoni, tayani, mgongoni? Ukipumzika yanapungua? Ulitapika, au ulitoka jasho la baridi? Una presha au kisukari? Unavuta sigara? Baba yako au ndugu yako alikufa ghafula? Maswali haya hayazidi dakika tatu wala hayahitaji umeme. Na wakati yakiulizwa, macho ya muuguzi yanafanya kazi yake pia: yanaiona ngumi iliyowekwa juu ya kifua, shati lililolowa jasho, midomo iliyopauka, pumzi iliyokatika.

Muuguzi mwenye elimu hujua tena jambo lililo gumu zaidi, ya kwamba moyo waweza kufa bila maumivu makali. Mwanamke, mzee sana, na mtu mwenye kisukari cha siku nyingi, hawa mara nyingine huja na kichefuchefu tu, au pumzi fupi, au uchovu usio na sababu. Asiyejua hili atamwambia mama wa watu akapumzike nyumbani, naye atakwenda kupumzika milele.

Kadhalika hujua kwamba si kila kifua ni moyo. Yuko mwenye homa ya mapafu, yuko mwenye kifua kikuu, yuko mwenye damu iliyoganda mapafuni. Yuko pia ambaye mshipa mkuu wa damu umechanika, akisikia maumivu yanayopasua mpaka mgongoni. Huyo aspirini haimfai, yaweza kumdhuru. Wala elimu hii haisimami mahali pamoja. Zamani kila mgonjwa wa mshtuko wa moyo alivishwa hewa ya oksijeni, ikidhaniwa ni lazima. Mwaka 2017 uchunguzi uliofanywa Sweden ulionyesha kwamba mgonjwa ambaye damu yake ina oksijeni ya kutosha hapati faida kwa kuongezewa. Basi muuguzi aliyehitimu miaka 20 iliyopita na hajaitwa tena darasani hata siku moja, tumemwacha nyuma sisi wenyewe, kisha twamlaumu kwa kuchelewa.

Watakuwako watakaosema: ugonjwa huu ni wa Wazungu na matajiri, sisi watu wa jembe unatuhusu nini? Neno hili lilikuwa na ukweli hapo zamani. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Kampala, Shaper na Jones, waliandika kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo miongoni mwa Waafrika wa Uganda, hali wenzao wa asili ya Asia, waliokaa nao mji mmoja, ulikuwa ukiwaua. Lakini jua moja, hewa moja, na magonjwa mbalimbali: hilo lenyewe lapasa kutufundisha kwamba ugonjwa huu haukuandikwa katika rangi ya ngozi tu, maisha na chakula vina fungu lao. Na maisha yetu yamebadilika. Dereva wa lori hukaa kitini kutwa, chakula chake chipsi zilizoogelea mafuta. Karani hatembei. Sigara zauzwa moja moja mlangoni mwa kiwanda. Presha na kisukari vimeingia katika nyumba za makuli na walimu sawasawa na za wakubwa.

Ushahidi haupo mbali. Mjini Moshi watafiti waliwachunguza wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura ya hospitali kubwa ya rufaa kwa maumivu ya kifua au pumzi fupi, wakatoa matokeo yao mwaka 2020. Walipowapima wote kwa umeme wa moyo na kwa damu, waliona kwamba 152 kati yao, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano, walikuwa na mshtuko wa moyo. Wengi walikuwa wamepewa jina lingine la ugonjwa, kama presha au moyo kushindwa kazi. Na kabla siku 30 hazijapita, zaidi ya 40 katika kila 100 ya wenye mshtuko huo walikuwa wamekwisha kufa. Hawa si matajiri wa Ulaya. Ni watu wetu. Ugonjwa tuliodhani haupo ulikuwapo, ila hatukuwa tukiuuliza jina lake.

Wengine watasema: lakini muuguzi si daktari, akipewa ruhusa ataharibu. Hao tunawajibu kwa mfano wa kweli. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilijulikana Marekani na Uingereza kwamba wengi wa waliokufa hospitalini kwa mshtuko wa moyo waliuawa na mapigo kuvurugika ghafula, na kwamba mapigo hayo yaweza kurudishwa kwa mshtuo wa umeme, kama mtu atatenda katika dakika chache. Lakini daktari hakai kando ya kitanda usiku na mchana. Anayekaa ni muuguzi. Basi mwaka 1963, katika hospitali moja ya Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo walianzisha wodi ya moyo ambamo wauguzi walifundishwa kuisoma michoro ya umeme wa moyo na kuamua wenyewe, hata kutumia mashine ya umeme bila kungoja daktari aamshwe. Walikuwako walioshtuka, maana kazi hiyo ilikuwa ya madaktari peke yao. Lakini vifo vya wodini, vilivyokuwa kama 30 katika kila 100, vilipungua karibu kwa nusu katika wodi za namna hiyo. Mashine zilikuwa ni zile zile zilizokwishapatikana. Lililobadilika ni kwamba muuguzi alifundishwa, kisha akaaminiwa.

Twaomba wakubwa wa hospitali zetu walitafakari jambo hili. Aliyekabidhiwa mama mzazi na mtoto wake usiku wa manane, zahanati haina daktari, na akawatoa salama wote wawili, mtu huyo ni mkunga, ni muuguzi. Twamwamini na roho mbili kwa pamoja, kisha tunamnyima ruhusa ya kubandika nyaya kifuani mwa mzee na kuwasha mashine! Hapana hoja hapo. Pana mazoea tu.

Wa tatu watasema: fedha haipo. Twajua kwamba nchi yetu haina mali ya kutapanya. Lakini tutenganishe yaliyo ghali na yaliyo rahisi. Chumba cha mrija wa moyo ni ghali. Dawa ya kuyeyusha damu ni ghali. Mashine ya kupima umeme wa moyo ni ndogo, yakaa juu ya meza. Aspirini ni rahisi. Swali la pili ni bure. Na ufunguo wa kabati haununuliwi; unahamishwa tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Basi twataka nini? Twataka mambo matano, nayo ni haya.

Kwanza, katika vyuo vya uuguzi, somo la maumivu ya kifua lisiwe la siku moja. Mwanafunzi asihitimu kabla hajawauliza wagonjwa wa kweli maswali yale mbele ya mwalimu wake, na kabla hajaweza kubandika nyaya na kutambua mchoro ulioharibika. Hatusemi awe bingwa. Twasema ajue kuupaza sauti mchoro unapopiga kelele.

Pili, wauguzi walioko kazini waitwe darasani kila mwaka, walau kwa siku mbili, hapo hapo hospitalini mwao, wasilazimike kujilipia nauli wala kukatwa mshahara.

Tatu, kila hospitali iandike amri moja fupi, ibandikwe ukutani mapokezini: mtu mzima yeyote mwenye maumivu ya kifua, ya chembe cha moyo, au pumzi fupi ya ghafula, haketi kwenye benchi, muuguzi ampime umeme wa moyo kabla dakika 10 hazijapita, bila kungoja kuandikiwa, kisha mchoro upelekwe mkononi mwa daktari. Huko Moshi imekwisha kujaribiwa njia ya namna hii, muuguzi wa mapokezi akimpa mgonjwa wa kifua kadi maalumu ili kila atakayempokea mbele ajue mara moja la kufanya. Jambo jema lililoanza nyumbani lina haki ya kusafiri.

Nne, mashine itolewe kabatini. Ikae mahali pa wagonjwa, karatasi zake ziwepo, na muuguzi wa zamu awe na haki ya kuigusa.

Tano, idadi ya wauguzi iangaliwe. Mtu mmoja mbele ya watu 60 hawezi kuuliza swali la pili, hata akiwa na elimu ya dunia nzima. Ni udhalimu kumdai mtu uangalifu tuliomnyima wakati wake.

Na sisi wafanyakazi tuna fungu letu. Tusikae tukadai tu. Tuache ushujaa wa uongo. Mtu akibanwa kifua kazini kwa zaidi ya dakika chache, tusimwambie ni gesi, tusimpe tangawizi, tusimwache aende peke yake kwa miguu. Msimamizi asimamishe kazi yake, atafutwe mwenye gari, apelekwe saa ile ile, iwe usiku iwe mchana, na mwenzake amfuate ili amsemee mlangoni: huyu amebanwa kifua tangu saa fulani, anatoka jasho, ana presha. Maneno hayo machache yanamsaidia muuguzi kuliko hotuba. Vyama vya wafanyakazi na mikutano ya matawi, ambamo twajadili mambo mengi, vimwalike muuguzi wa karibu walau mara moja kwa mwaka aje atufundishe dalili hizi, na ampime presha kila aliyehudhuria. Na kila mmoja wetu aipunguze sigara mpaka iishe, apunguze chumvi na mafuta, atembee, na ameze dawa yake ya presha hata siku anapojisikia mzima, kwa sababu presha haibishi hodi.

Tena tumheshimu muuguzi. Wako watu wanaoingia hospitalini wakimfokea kana kwamba ni mtumwa wa nyumba yao, kisha wakimwona daktari huinama. Mtu anayedharauliwa na wagonjwa, na kunyamazishwa na wakubwa, hujifunza kufumba macho. Muuguzi wetu yule hakufumba macho. Aliona. Lililokosekana ni watu wa kumwambia: ukiona, tenda.

Fundi wetu amelala, na mtambo wake unaendeshwa na kijana aliyemfundisha mwenyewe. Kila usiku gazeti likianza kuchapwa, kijana huyo hulitazama lile bunda la karatasi karibu na ngazi, nasi pia hulitazama. Hatuwezi kumrudisha mzee. Lakini usiku huu, katika hospitali fulani ya nchi hii, mtu mwingine ataingia mlangoni, ngumi iko kifuani, na kusema kwa sauti ndogo, “Sista, chembe cha moyo kinanibana.” Twataka sista amjibu, “Karibu, baba, lala hapa nikupime,” naye awe na elimu ya kujua kwa nini anasema hivyo, na mamlaka ya kulitimiza neno lake.